Dar es Salaam Ikitazamwa kutoka Angani: Setilaiti Hupimaje Kukua kwa Mji?

Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ina namba inayoweza kumshangaza yeyote aliyewahi kukwama jioni kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Kati ya 2002 na 2012, wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka takribani milioni 2.5 hadi milioni 4.36, sawa na asilimia 5.6 kwa mwaka. Katika miaka kumi iliyofuata walifika milioni 5.38, na kasi ya ongezeko ikashuka hadi asilimia 2.1. Anayesoma jedwali peke yake ataona kwamba mji umepunguza mwendo. Anayeishi Goba, Chanika au Chamazi, ambako hapakosi msingi mpya unaochimbwa na lori la mchanga linalotafuta njia ya kupita, atadhani jedwali limekosewa.

Jedwali halikukosewa, ila sehemu ya jibu iko ng'ambo ya mpaka. Mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar es Salaam upande wote wa nchi kavu, ulikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulikuwa umevuka milioni 2. Si wote walioongezeka humo ni watu wa Dar es Salaam, kwa kuwa mkoa huo unafika hadi Rufiji na Mafia, lakini anayepita Kibaha, Mapinga, Kisarawe au Vikindu anajionea mwenyewe mji ulikomwagikia. Ukiijumlisha mikoa yote miwili, ongezeko la miaka hiyo kumi linakuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Sensa huhesabu watu ndani ya mipaka ya kiutawala, na mtu anayetafuta kiwanja cha bei nafuu haulizi mpaka wa mkoa unapita wapi.

Hiyo ni sababu mojawapo ya wapangaji miji na watafiti kugeukia picha za setilaiti, ambazo hazina mstari wa mkoa wala wa wilaya. Hata hivyo, setilaiti nayo haioni mji. Inachokipokea ni mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu, na kati ya mwanga huo na sentensi kama "eneo lililojengwa limeongezeka kwa kilomita za mraba kadhaa" kuna msururu wa maamuzi yanayofanywa na watu. Maamuzi hayo ndiyo ninayotaka kuyafungua hapa, kwa sababu namba zinazotokana nayo hutumika kupanga mabomba ya maji, barabara na hata bomoabomoa, na mara nyingi hunukuliwa kana kwamba hakuna binadamu aliyezigusa.

Mwanga wa saa nne na nusu asubuhi

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani Julai 1972. Taswira zake ziliundwa na vijisehemu vya mraba, yaani pikseli, vyenye upande wa takribani mita 80 kila kimoja, karibu sawa na uwanja wa mpira. Mwaka 1982 Landsat 4 iliushusha upande huo hadi mita 30, na miaka miwili baadaye ikafuata Landsat 5, ambayo ilitengenezwa ifanye kazi miaka mitatu lakini ikadumu hadi 2013. Leo Landsat 8 na Landsat 9 zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 705, na zikipokezana hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 8. Katika namba zinazotumika kutambulisha taswira za Landsat, Dar es Salaam iko kwenye fremu ya njia ya 166, safu ya 65, na setilaiti hupita juu yake karibu saa nne na nusu asubuhi. Saa hiyo haibadiliki, kwa kuwa mzunguko wa setilaiti umepangwa ufuate jua ili vivuli na mwangaza wa taswira za miaka tofauti viweze kulinganishwa. Ulaya iliongeza setilaiti zake za Sentinel-2 kuanzia 2015. Hizo huona pikseli za mita 10 na, zikiwa mbili, hurudi kila baada ya siku 5.

Jicho la binadamu hutosheka na rangi tatu. Vihisio vya setilaiti hupima pia mwanga wa infraredi ambao hatuuoni, na humo ndimo zilimo habari nyingi za ardhi. Jani zima la mwembe humeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, lakini hurudisha kwa wingi infraredi ya karibu. Tuseme jani hilo linarudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya mwanga mwekundu: ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, kisha ukagawanya kwa jumla yake, unapata 0.8. Udongo mkavu unaorudisha asilimia 30 na 25 unapata 0.09 tu. Kipimo hicho cha ukijani ndicho kongwe na ndicho kinachotumika zaidi. Kipo kingine cha aina hiyohiyo kinacholinganisha infraredi ya mawimbi mafupi na ile ya karibu, kwa sababu saruji, vigae na ardhi iliyovuliwa uoto hurudisha zaidi ile ya kwanza. Vikitumika pamoja, na mifano ya kutosha ikichaguliwa na mtu anayepajua mahali, kompyuta inaweza kuipa kila pikseli jina lake: maji, msitu, shamba, udongo mtupu, jengo.

Fundi wa ramani wa miaka ya nyuma alikuwa na shida tuliyoisahau, nayo ni bei. Taswira moja ya Landsat iliwahi kuuzwa kwa maelfu ya dola, na hata baada ya bei kushushwa, ile ya Landsat 7 iligharimu dola 600. Mtafiti wa chuo cha Afrika Mashariki aliweza kununua mbili, pengine tatu, akalinganisha mwaka mmoja na mwingine, basi. Mwaka 2008 Marekani ilianza kuifungua hazina yote ya Landsat bila malipo, na kazi ikabadilika sura: badala ya kulinganisha picha mbili, mtu anaweza kuifuatilia pikseli moja ya Mbagala katika mamia ya taswira na kuona ni mwaka gani mwenendo wake ulikatika. Hazina yenyewe ina matundu. Katika miaka ya 1980 na 1990, biashara ya Landsat ilipokuwa mikononi mwa kampuni, taswira za Afrika zilipigwa kwa uchache, na mwaka 2003 kifaa kimoja cha Landsat 7 kiliharibika, hivyo kila taswira iliyofuata ikapoteza takribani asilimia 22 ya eneo lake katika mistari mitupu. Juu ya hayo kuna mawingu. Pwani yetu wakati wa masika huweza kupita wiki nyingi bila asubuhi moja safi, na ndiyo maana taswira nyingi za Dar es Salaam utakazoziona kwenye tafiti ni za Juni hadi Septemba. Rada ya Sentinel-1, inayofanya kazi tangu 2014, hupenya mawingu kwa mawimbi yake yenyewe, lakini kuisoma ni elimu nyingine.

Shamba la mikorosho linavyogeuka mtaa

Ili kuelewa kwa nini uamuzi wa kusema "hapa ni mji" ni mgumu, inafaa kulifuata eneo moja la pembezoni tangu mwanzo, kwa jinsi mambo yanavyokwenda katika maeneo ya Dar es Salaam yasiyopimwa, ambako ndiko wakazi wengi wanakoishi.

Shamba ni la mzee mmoja, lina mikorosho, minazi michache na mihogo. Mzee akifariki, wanawe wanagawana, na mmoja anauza sehemu yake vipande vipande kupitia dalali, mbele ya mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Katika hatua hii ardhi imekwisha kubadilika kisheria, kifedha na kifamilia, lakini pikseli haijabadilika hata kidogo, kwa sababu mikorosho bado imesimama. Wanunuzi wanaanza kusafisha. Ukijani unashuka ghafla, udongo mweupe wa kichanga unang'aa, na kompyuta inaweza kusema kwamba hili ni shamba lililolimwa, au ni udongo mtupu, au ni jengo. Kisha inakuja miaka ya kungoja. Mmoja amezungusha ukuta akaishia hapo. Mwingine amepandisha pagale hadi kwenye linta na fedha zikakatika. Wa tatu amelima mihogo palepale ili kiwanja kisionekane kimetelekezwa. Pagale lisilo na paa, lenye majani yanayoota ndani, linaonekana kutoka juu kama kichaka chenye mistari. Bati linapopigwa ndipo mabadiliko yanapokuwa ya wazi, kwa sababu mabati mapya hung'aa katika karibu mikanda yote ya mwanga.

Kuna kinachofuata ambacho picha mbili za mwanzo na mwisho haziwezi kukionyesha. Mwenye nyumba akishahamia, hupanda miti: mwembe, mwarobaini, mpapai, ua la michongoma. Baada ya miaka kumi hivi, ukijani wa mtaa unapanda tena, na bati lenyewe limeshika kutu na vumbi, halirudishi mwanga kama zamani. Mtaa uliokomaa unaanza kufanana na shamba. Anayelinganisha 2005 na 2020 bila kutazama miaka ya katikati anaweza kuhesabu mtaa huo kama ardhi iliyopumzishwa, ilhali ndani yake kuna maduka, shule na msikiti.

Jambo hilo linafika hadi kwenye mitaa ya kale. Oysterbay na Masaki, maeneo yaliyokuwa Uzunguni wakati wa ukoloni, yana viwanja vikubwa na miti mirefu inayofunika mapaa, kwa hiyo kwa kipimo cha ukijani yanaonekana kama bustani yenye nyumba chache. Manzese na Tandale ni bati kwa bati. Kati ya iliyokuwa Uhindini na Kariakoo bado unaonekana uwazi wa Mnazi Mmoja, ulioachwa makusudi kuwatenganisha watu. Watawala waliochora mgawanyo huo walikwisha kuondoka, nao bado unasomeka katika mwanga wa infraredi.

Pikseli iliyochanganyika na udongo unaodanganya

Pikseli ya Landsat ni mita za mraba 900. Katika mtaa uliobanana, eneo hilo lina nyumba nne za Kiswahili, uchochoro, choo cha nje, mti mmoja na kipande cha uwanja. Katika kijiji cha pembezoni lina nyumba moja na bustani ya mchicha. Kihisio hakitenganishi vitu hivyo. Kinatoa thamani moja iliyo wastani wa vyote, na mchambuzi analazimika kuamua ni kiasi gani cha paa kinatosha kuiita pikseli "jengo". Akichukua nusu, pembezoni yote ya Chanika inabaki shamba. Akichukua robo, mji unaongezeka kwa kilomita nyingi za mraba katika dakika moja, bila tofali hata moja kuwekwa. Pikseli ya mita 10 imelipunguza tatizo hili lakini haikuliondoa.

Udongo nao una hila zake. Mashamba ya chumvi ya Kunduchi, machimbo ya kokoto na ya chokaa karibu na Wazo, mchanga wa ufukweni na mabonde yanayochimbwa mchanga wa kujengea vyote hurudisha mwanga kwa namna inayokaribiana na saruji. Kwa Dar es Salaam kosa hilo linavumilika, kwani mchambuzi anayeujua mji anaweza kuyafuta maeneo hayo kwa mkono. Dodoma ni balaa jingine. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huko kwa vitendo, ujenzi umeenea hadi Mtumba na kwingineko, na ni mji ambao kila mtu angependa kuona ramani yake ya mabadiliko. Lakini Dodoma ni nchi kame. Mwezi wa Septemba uoto umekauka, mashamba ya mtama na alizeti yamebaki udongo, na udongo huo ndio uliofinyanga matofali ya nyumba nyingi. Kwa mwanga wa jua, nyumba na shamba ni kitu kimoja. Dawa yake ni kutazama mwaka mzima: shamba hukijanika mvua zikinyesha kisha likakauka, ilhali nyumba haina msimu. Mchambuzi anayetumia taswira moja ya kiangazi huko atatoa mji mkubwa mno, na bado takwimu yake itakuwa na nukta za desimali.

Kosa dogo la ramani, kosa kubwa la hesabu

Sehemu hii ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi katika ripoti.

Ramani hupimwa usahihi kwa kuchagua sehemu kadhaa bila upendeleo, kuzihakiki kwa kwenda uwanjani au kwa picha kali zaidi, kisha kuhesabu ni ngapi zilipewa jina sahihi. Ramani yenye usahihi wa asilimia 90 husifiwa. Sasa chukua ramani ya 2000 yenye asilimia 85 na ya 2020 yenye asilimia 90. Ukizipandanisha ili kupata mabadiliko, na kama makosa ya moja hayategemei ya nyingine, uwezekano wa pikseli kuwa sahihi katika zote mbili ni 0.85 mara 0.90, yaani takribani asilimia 76. Karibu robo ya ramani ya mabadiliko ina shaka, na mabadiliko yenyewe huenda hayafiki robo ya eneo.

Kuna lililo gumu zaidi. Tuseme eneo la kilomita za mraba 1,000 lina mji wa kilomita 100 tu, na 900 zilizobaki ni mashamba na vichaka. Ramani ikikosea asilimia 5 ya mashamba na kuyaita mji, imeongeza kilomita 45 zisizokuwepo. Usahihi wa jumla utakuwa bado mkubwa, zaidi ya asilimia 95 kama mji wenyewe haukukosewa, na huku ukubwa wa mji umetiwa chumvi kwa asilimia 45. Miji yetu mingi iko katika hali hiyo, ya kijisehemu kilichojengwa katikati ya ardhi pana isiyojengwa, kwa hiyo usahihi wa jumla unaoandikwa kwenye muhtasari hausemi lolote kuhusu swali tunaloliuliza. Linalofaa kuulizwa ni hili: kati ya pikseli zilizoitwa jengo, ngapi ni majengo kweli, na kati ya majengo yaliyopo, mangapi yalipitwa? Wataalamu waangalifu hawahesabu eneo kwa kujumlisha pikseli za ramani. Hutumia ramani kuongoza uchaguzi wa sampuli, watu huzisoma sampuli hizo moja moja kwa macho, na eneo hutolewa pamoja na kiwango chake cha makosa, kwa mfano kilomita 130, zaidi au pungufu ya 12. Takwimu ya kukua kwa mji isiyo na hilo "zaidi au pungufu" naisoma kwa tahadhari.

Wengine husahihisha kwa mantiki ya wakati: kwamba jengo likishajengwa halirudi kuwa shamba, hivyo pikseli iliyoitwa jengo mwaka 2010 na shamba mwaka 2015 lazima ina kosa. Kanuni hii ni nzuri na inaondoa uchafu mwingi. Lakini mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande, zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kibaha ili barabara ipanuliwe. Kwa kanuni ile, programu ingezijenga upya nyumba hizo.

Mji unaishia wapi?

Hata tukikubaliana pikseli zipi zina majengo, bado hatujasema mji ni upi. Dar es Salaam ilikua kwa vidole, ukifuata barabara nne kuu za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na baadaye nafasi kati ya vidole zikaanza kujazwa. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulisukuma ujenzi hadi Bunju, Buyuni, Tuangoma, Kibada na Gezaulole, na Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 likaisogeza Kigamboni karibu na katikati ya mji. Je, nyumba za Mapinga ni za mji huu? Nazo za Kibaha, baada ya kipande chenye mashamba?

Mwaka 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia moja ya kulijibu swali hilo kwa namna inayolingana duniani kote: gawanya nchi katika miraba ya kilomita moja, na miraba inayogusana yenye watu angalau 1,500 kila mmoja, ikifikisha jumla ya watu 50,000, ihesabiwe kuwa kitovu cha mji. Mikoa na wilaya haimo kabisa katika kanuni hii. Faida yake inaonekana hata Nairobi, ambako Ruaka iko Kiambu, Ongata Rongai na Kitengela ziko Kajiado na Syokimau iko Machakos, ilhali wakazi wake hupanda matatu za kwenda mji uleule kila asubuhi.

Mpaka unaochaguliwa hubadilisha hata hukumu ya maadili, kama naweza kuiita hivyo. Kiashiria cha 11.3.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu hugawanya kasi ya kutumika kwa ardhi kwa kasi ya ongezeko la watu. Jibu likizidi 1, mji unasemwa kuwa unakula ardhi kuliko unavyopokea watu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ardhi iliyojengwa inaongezeka kwa asilimia 4 kwa mwaka. Ukigawanya kwa ile asilimia 2.1 ya Mkoa wa Dar es Salaam, unapata 1.9, na mji unaonekana mbadhirifu. Ukigawanya kwa asilimia 3 ya Dar es Salaam na Pwani kwa pamoja, unapata 1.3. Hakuna nyumba iliyohamishwa kati ya jibu la kwanza na la pili.

Hata hazina zinazotolewa bure kwa dunia nzima hazikubaliani. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya hutoa ramani za makazi zinazorudi hadi 1975, shirika la anga la Ujerumani lina zake, na Google mwaka 2021 ilitoa michoro ya majengo milioni 516 ya Afrika, iliyochorwa na akili mnemba kutoka kwenye picha kali. Moja inapima sehemu ya ardhi iliyofunikwa na paa, nyingine inapima makazi pamoja na nyua na njia zake, ya tatu inahesabu jengo mojamoja. Kwa mji uleule zitatoa kilomita tofauti, na zote zikawa sahihi kwa tafsiri yake.

Paa halisemi kinachofanyika chini yake

Kinachoifunika ardhi na matumizi ya ardhi ni mambo mawili. Setilaiti huona la kwanza. Bati la Sinza linaweza kuwa nyumba ya familia, gesti, kanisa, ghala au chekechea, na kuna siku moja ambamo ni zaidi ya kimoja. Kariakoo inaonyesha udhaifu huo vizuri: nyumba za chini za vyumba sita zimekuwa zikibomolewa na kusimamishwa maghorofa, wakazi na wafanyabiashara wameongezeka maradufu juu ya kiwanja kilekile, na katika ramani ya eneo lililojengwa hakuna kilichotokea. Mji unaokua kwenda juu unahitaji rada, vipimo vya kimo, au mtu wa kwenda kuhesabu ghorofa.

Taa za usiku zinasaidia, kwani setilaiti huzipiga picha tangu miaka mingi, na mtaa wenye shughuli huwaka kuliko bohari lililofungwa. Zinasaidia kwa masharti. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kebo ya umeme iliyo chini ya bahari iliharibika, na Unguja ikakaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi. Anayepima miji kwa taa peke yake angesema Mjini na Ng'ambo zimehama. Kinyume chake, taa za wavuvi wa dagaa usiku usio na mbalamwezi zinaweza kuonekana kama kitongoji kipya baharini.

Ndiyo maana kazi iliyonipendeza zaidi katika uwanja huu ni ile iliyoshuka chini. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika kuchora mitaro, vichochoro na majengo ya Dar es Salaam, kwa kutumia picha za angani pamoja na maneno ya watu wanaojua maji hufika dirisha lipi. Zanzibar nayo, kuanzia 2016, ilirusha droni juu ya Unguja na Pemba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa waliozifanyia kazi picha zake. Mwaka 2022 Tanzania ikaendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyoipa nyumba namba na barabara jina. Taarifa za namna hii huipa pikseli kitu cha kusahihishiwa.

Mabwepande, kaskazini mwa mji karibu na Bunju, ni mfano ninaourudia mara kwa mara. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 yaliwaacha wakazi wengi wa bonde la Msimbazi bila makazi, na serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Katika mfululizo wa taswira, vichaka vya huko vinakatika, udongo unang'aa, kisha mapaa yanaanza kuonekana. Ramani ya mabadiliko inaandika kwamba mji umeongezeka upande wa kaskazini. Bondeni Jangwani, baadhi ya nyumba zilibaki na watu wengine walirudi, hivyo ramani ileile inaandika kwamba hakuna badiliko. Anayetaka kujua kwamba matukio hayo mawili ni tukio moja atalazimika kuwauliza waliohamishwa.